Mahali pa Ndama

Ng'ombe alijitokeza kwenye ukungu, akaunusa mkono wa Ézéchiel. Mvulana akabana pumzi, akingoja teke.

Alilistahili. Yeye ndiye aliyemwiba ndama wa ng'ombe huyu na kumuuza kwa mchinjaji kule Bunia, na tangu siku hiyo ng'ombe aligoma kutoa maziwa. Hakimu wa watoto hakumpeleka gerezani. Alimuuliza mwenye ng'ombe anataka nini, na yule mama akajibu polepole, "Munipatie ye, uyu kijana. Ngombe yangu iko analia. Kila asubui akuye asimame fasi ya mutoto wake."

Sasa kijana alikuwa amesimama mahali pa ndama, na mama amechuchumaa chini ya ng'ombe, kibuyu chenye harufu ya moshi kikiwa magotini.

"Umuimbie kidogo," akasema.

"Nimuimbie nini, mama?"

"Ile mama yako alikuwa anakuimbia."

Akaimba. Sauti yake ilitetemeka, ikateleza juu ya nyasi zenye umande na kupotelea ukunguni, kana kwamba huko mbali kuna mtoto mwingine anayeisikiliza.

Ndipo ulimi ukatoka, mpana, wa moto, unaokwaruza kama jani la msasa. Ukalamba kiganja, ukapanda hadi kifundo, ukarudi tena bila haraka, kama unamsafisha aliyezaliwa usiku ule.

Mvulana akamgeukia mama.

"Mama, umuambie mi siko mutoto wake."

"Umuambie weye mwenyewe," mama akasema, na maziwa yakaanza kulia ndani ya kibuyu.