Sahihi za Minobe

"Ng'oa sahihi zote," Kuroiwa alisema. "Kisha kila penye jina lako, weka langu."

Minobe alidhani amesikia vibaya. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiiandika programu ya kuendeshea lifti, na kila alipomaliza kipande alikitia sahihi ya kompyuta ambayo ufunguo wake wa siri alikuwa nao yeye peke yake. Badilisha herufi moja tu, sahihi inavunjika. Ndiyo maana mashine iligoma kutoa nakala ya historia ya kazi hiyo yenye jina jingine. Kila ilipofika kwenye sahihi yake ilisimama na kuuliza: niendelee?

"Mkuu, bila sahihi hakuna atakayejua nani kaandika nini."

"Kwani wewe umeandika nini cha maana humu?" Ofisi nzima ilisikia. "Wageni wa Alhamisi watataka jina moja. Langu."

Ofisi nzima iliamini kwamba wageni wa Alhamisi ni majaji wa tuzo ya uhandisi.

"Fisi huyo," Sugaya wa meza ya jirani alinong'ona juu ya bakuli lake la tambi. "Kabakiza miezi miwili astaafu, anataka aondoke na jasho la mwenzie."

Fisi hasa. Ndiye aliyemnyima Minobe ruhusa tarehe tatu Machi, siku ya mazishi ya mama yake kule Kagoshima, eti kazi haingoji maiti. Siku hiyo Minobe aliandika huku machozi yakidondokea vidole, akatia sahihi, na tangu hapo hakumpa Kuroiwa hata salamu ya moyoni.

Sasa alizing'oa sahihi zake, moja baada ya nyingine. Kuroiwa alikuwa ameshaandaa karatasi: *Yote yaliyomo nimeyaandika mimi.* Akagonga chini yake muhuri mwekundu wa jina lake, wa aina inayouzwa kila duka la vifaa vya shule, akarudi kwenye gazeti lake. Wiki nzima alikuwa kwenye ukurasa ule ule wa habari za mji wa Himeji. Hata kusoma hajui, Minobe aliwaza.

Alhamisi waliingia watu wanne wenye suti nyeusi. Minobe alisimama nyuma, mdomo ameubetua, amsikie mwizi akisifiwa.

"Bwana Kuroiwa," mkubwa wao alisema bila kuketi, "tunachunguza ajali ya Himeji. Mlango wa lifti ulifunguka kabla chumba hakijafika, bibi mmoja akatumbukia, akafa. Mstari wenye kosa uliandikwa tarehe tatu Machi. Ni wa nani?"

Kuroiwa alisukuma mbele karatasi yenye muhuri.

"Wangu," alisema. "Huyu Minobe siku hiyo nilimpa ruhusa. Alikwenda kumzika mama yake."