Mashine ya Simeoni

Jeneza la jirani yao, mzee Hezekia, lilikuwa nusu kaburini pale Mughwai alipoona vumbi la gari likikata kona kuelekea nyumbani kwa marehemu kaka yake, Simeoni. Watu wote walikuwa makaburini. Kule nyumbani hakukuwa na mtu hata wa kufukuza kuku.

"Shemeji, yule ni Gerald," alinong'ona. "Anakwenda karakana."

Agripina, mjane wa kaka yake, hakugeuka. Alimshika mkono. "Tulia. Tunazika."

Mughwai alitulia, lakini macho hayakutoka kwenye lile vumbi. Miaka minne nyuma, siku kama hiyo, walikuwa wakimzika mama yake mzazi. Hapa Mgori siku ya maziko hata mgonjwa hujikongoja, na anayebaki nyumbani husemwa mpaka ahame. Gerald, rafiki wa Simeoni wa kula sahani moja, alijitolea kubaki kulinda nyumba. Akailinda kweli. Aliilinda huku ameshika futi, akaipima mashine ya gololi ya Simeoni kila ubavu na kuipiga picha ndani na nje.

Ilikuwa mashine ya mninga, Simeoni aliitengeneza kwa mikono yake. Springi inarusha gololi ya chuma, gololi inagonga misumari na kengele, na mchezaji anaizuia isidondoke kwa vijiti viwili vya pembeni. Kabla mwaka haujaisha, kiwanda kimoja huko China kilikuwa kinazitoa kwa mamia, kila moja na jina la Gerald. Simeoni alipokwenda kulalamika, Gerald alimjibu mbele ya wakili: "Mashine ni ya aliyeisajili kwanza." Sheria ikakubali. Simeoni akarudi nyumbani akatengeneza nyingine, bora mara kumi, ya watu wawili kucheza wakitazamana. Alipoimaliza, akafa. Presha, walisema madaktari. Mughwai alijua presha hiyo inaitwa nani.

Habari za mashine ya pili zilisafiri. Januari walifika Waturuki wawili wenye kiwanda cha mashine kama hizo, mahasimu wa Gerald katika kila soko. Waliicheza mchana kutwa wakicheka, wakapiga picha, wakala ugali na mlenda, wakaondoka mikono mitupu. Mughwai alisononeka. Alitamani waibebe wakamkomeshe Gerald. Agripina alisema tu, "Tumeongea."

Mwezi wa tatu Gerald mwenyewe alikuja na kilo tano za sukari, kuomba auziwe.

"Si yangu kukuuzia," Agripina alimjibu.

Gerald alicheka, akasema anaelewa, kumbukumbu ya mume haiuzwi. Lakini mpaka anaaga, macho yake yalikuwa kwenye mashine.

Kilichomtia Mughwai wazimu ni kwamba baada ya hapo Agripina aliitoa mashine chumbani kwake, akaiweka karakana, kwa kufuli ambalo hata mbuzi angelifungua. Na mzee Hezekia alipofariki, Agripina alimtangazia kila aliyepita njiani kwamba nyumba nzima itakwenda kuzika.

Waliporudi kutoka makaburini, kufuli lilikuwa limevunjwa. Mashine ilikuwepo, imelazwa ubavu, skrubu zimetapakaa sakafuni.

"Umeiharibu ndani, ili wakiiga iwafie?" Mughwai aliuliza. Alikuwa anatafuta pa kushika.

"Sijagusa hata msumari," Agripina alisema, akachukua ufagio.

Kesho yake Mughwai alinoa panga mpaka likang'aa. Agripina alimpokonya, akaenda nalo shambani kukatia alizeti. Tangu siku hiyo Mughwai alimwona shemeji yake kuwa kondoo, tena kondoo wa kumshikia mwizi taa. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema, lakini huyu wa kwao alikuwa ameongezewa miaka.

Desemba Gerald alirudi Mgori, safari hii kwa bodaboda, shingo imemkonda. Makontena yake manne, yote mashine mpya za kuchezwa na wawili, yalikuwa yamezuiwa bandarini.

"Shemeji, Waturuki wametuzidi kete," alisema hata kabla hajakaa. "Ile mashine wameisajili wao, tangu mapema mwaka huu. Kumbe walipokuja hapa na kamera zao walikuwa wanaiba. Njoo mahakamani useme ni ya Simeoni. Ukisema hivyo, hawana lao. Bila hivyo nimekwisha, mpaka nyumba ninayolala inakwenda."

Mughwai aliinuka kwa hasira. Waturuki nao. Kumbe kaka yake ameibiwa na kila aliyekula ugali wake.

"Mimi mwanamke wa Mgori nani ataniamini?" Agripina aliuliza kwa upole. "Andika wewe. Andika ulivyoichukua ile ya kwanza, na ulivyoichukua hii."

Alimpa daftari na kalamu. Gerald aliandika yote: futi, picha, kufuli, maziko mawili. Akaweka sahihi, akaweka na dole gumba. Mughwai alisomea begani kwake huku machozi yanamtoka. Miaka minne alikuwa na kiu ya kuona jina la kaka yake linarudishwa, na sasa lilikuwa pale, kwa mwandiko wa aliyeliiba.

"Basi twende lini?" Gerald aliuliza.

Agripina aliichana ile karatasi kutoka daftarini, akaikunja, akaitia kifuani.

"Waturuki hawakutuibia, Gerald. Niliwauzia siku ileile waliyokuja, wakaniomba niwatunzie. Wakili wao yuko Singida Mjini tangu juzi, na kesi yake ilikuwa inakosa mwandiko wako tu."