Sweta ya Baba Tumpe

Lango la kiwanda cha chai halifunguki mpaka limpime kila mfanyakazi. Hunusa pumzi yake, humpa chanjo anayoihitaji, kisha humkaribisha kwa jina.

Asubuhi moja ya baridi, Sekela alivaa sweta ya mumewe. Lango likasita.

"Wewe ni mzima, Sekela. Ila mwenye sweta hii ana ugonjwa wa mapafu unaoanza. Aje kesho, atapona."

Sekela alipigwa na butwaa. Mumewe, Lutengano, hakuwa amekohoa hata mara moja.

Nyumbani Lutengano alicheka. "Mama Tumpe, mimi si gari la kufunguliwa boneti kila siku!" Hata hivyo, jioni Sekela alimkuta akiifua ile sweta kwa sabuni nyingi.

Kesho yake Sekela alikwenda bila sweta. Lango likasita tena.

"Bado yumo katika pumzi yako," lilisema kwa upole. "Mwambie asiogope."

Aliposimuliwa, Lutengano hakucheka. Walifuatana kiwandani. Lango lilimsalimu kwa jina, ingawa hakuna aliyelitajia, kisha likamtibu papo hapo. Alitoka akilia kwa furaha.

"Nimerudishiwa uhai kabla sijajua kwamba unaondoka," alisema.

Jioni alimkumbatia mkewe kwa muda mrefu. Kisha akasogea kando, akageuza uso ili asimpumulie.

"Umepona, Baba Tumpe. Waogopa nini?"

"Najua nimepona," alijibu. "Lakini kesho utapita pale tena."