Jitu Lisilochezeka

Tangu michezo ianze kuchezwa kwa mwili mzima, wanaoijaribu kabla haijauzwa walikuwa wakirudi nyumbani na mazoea ya miili ya kazini. Mwanahawa, mmoja wao, alikuwa jitu la sayari ya mbali mchezoni kwa mwezi mzima, na hata jikoni kwake aliinama kila alipopita mlangoni. Bintiye Saumu, wa miaka sita, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Jitu lako halichezeki," msimamizi wake akamwambia. "Ni kubwa mno, kila risasi inalipata. Tunalipunguza liwe kama paka. Sasa ukimwona adui, jifiche, kisha mlenge magoti kwa bunduki."

Wiki moja tu baadaye, Mwanahawa alitembea nyumbani akiambaa ukuta. Dari lilikuwa juu mno.

Saumu akarudi kutoka shule, akamkimbilia. "Mama, shikamoo!"

Mwanahawa alisikia sakafu ikitetemeka. Alipojitambua, alikuwa chini ya meza.

Miguu ya mtoto ikasimama mbele yake. "Mama, tunacheza kombolela?"

"Ndiyo, mwanangu," akajibu, huku akiyatazama yale magoti madogo yenye vumbi, na kidole chake cha shahada kikijikunja chenyewe.