Kasoro za Nyumba ya Nungunungu

Alikuwapo Pimbi mmoja mjamzito, hodari wa kuomba kupunguziwa bei. Miamba alikoishi ilipoporomoka, alikwenda kutafuta nyumba ya kupanga kabla mvua hazijaanza. Akafika kwa Nungunungu, mjane mkimya aliyekuwa na shimo moja tupu.

"Kodi ni mihogo kumi kwa mwezi," alisema Nungunungu.

Pimbi alikuwa na uwezo wa kulipa sita tu, basi akaanza kutafuta kasoro.

"Kumi, mama? Na mlango wenyewe mwembamba hivi!"

"Mume wangu aliubana ili fisi asiingie."

"Sakafu nayo ina vishimo kila mahali."

"Hapo ndipo wanangu walipojifunzia kuchimba."

"Haya, na ukuta huu mbona umechakaa?"

"Marehemu aliuegemea miezi yote ya ugonjwa wake," alisema Nungunungu, akaupapasa ule ukuta taratibu.

Pimbi aliona haya. "Nisamehe, mama. Nyumba yako haina kasoro. Ni mimi tu, uwezo wangu ni mihogo sita. Ngoja nikajaribu kwingine."

Akageuka kuondoka.

"Rudi, mwanangu, lete hiyo hiyo sita," alisema Nungunungu. "Wapangaji wanne walipita hapa, wakauliza kodi tu wakaenda zao. Wewe umenifanya niwataje watu wangu wote. Tangu msiba sijawahi kuwataja mbele ya mtu."

Mvua ya kwanza iliponyesha, Pimbi alijifungua mapacha, na Nungunungu ndiye aliyewapokea.