Jiwe la Arobaini

Jumapili, tarehe 14 Juni 1987, Bibi Skolastika alimsikiliza katekista Severini akiwatembeza wageni katika kanisa kongwe la parokia. "Mawe haya akina mama waliyabeba kichwani kutoka mtoni, kwa moyo mkunjufu!"

"Moyo upi huo, Mwalimu?" Skolastika alishindwa kunyamaza. "Mtoto hakubatizwa mpaka mama yake afikishe mawe arobaini. Wangu alifariki nikiwa na thelathini na tisa, wakamzika nje ya ua wa kanisa."

"Bibi, leo sikukuu."

"La arobaini nililiweka juu ya kaburi lake. Fundi akalichukua, akasema linafaa kona ya mlango."

Wageni walitoka wakijibana, wasiiguse kona ile. Wewe uliyesoma haya, msimulie na mwenzako.