Mapigo Yasiyo na Mtu

Fundi Sikudhani alikuwa ameijaribu kila programu ya mashine ya watoto njiti kivyake, ile inayosoma mapigo ya moyo na ile inayoyaonyesha kwenye kioo. Zote zilifaulu. Ilisalia saini yake tu.

"Tia saini, dada, gari la hospitali linangoja," alisema Mzee Makwaya, msimamizi wake. "Au unasubiri malaika ashuke?"

"Subira, mzee. Sijaziona zikifanya kazi pamoja."

Akabana kipimo kidoleni mwake. Kioo kikaandika 82. Ndipo akaizima makusudi programu inayosoma mapigo, akachomoa kidole na kusubiri king'ora cha hatari cha mashine kilie.

Hakikulia. Kioo kiliendelea kuonyesha 82, ingawa kipimo hakikuwa na kidole tena.

"Labda inachelewa," alisema Makwaya, kicheko kimemkauka.

Dakika nzima ikapita. 82.

"Mzee, mashine ile tuliyopeleka wodini mwezi jana ilijaribiwa vipi?"

"Vilevile, kila programu kivyake. Saini ni yako."

"Ee Mola, wahifadhi watoto hao," alinong'ona Sikudhani, akanyakua simu. Kule wodini simu iliita, ikaita, naye akahesabu kila mlio huku akikitazama kidole chake kilichokuwa bado na alama ya kipimo.